Aliyerudi Badala ya Kalenga

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa. Mzee mmoja mbele yangu alifungua kopo la dawa ya kuchua misuli, akainusa kabla ya kulipa, na harufu ya kafuri ikanifikia. Mimi ni mama wa watoto wawili, najua kafuri ni kafuri tu. Hata hivyo nilijikuta nimerudi nyuma kidogo na kuushika mkoba wangu kwa mikono miwili. Kwangu ile ni harufu ya mtu wa kujihadhari naye.

Nilikulia Kamina, katika kampi ya reli, kwenye zile nyumba za matofali zilizoshikana mgongo kwa mgongo, ambamo jirani akikohoa unamjibu pole bila kuinuka. Baba alikuwa fundi wa injini za treni, na mara nyingi alilala Bukama au mbali zaidi, popote treni ilipoharibikia. Nyumbani tulikuwa na Mama, mdogo wangu Banza ambaye alikuwa bado hajaanza shule, na Nkambo, mama mzazi wa Baba. Mwenzetu mwingine aliishi ukutani. Huyo alikuwa Kalenga, baba yetu mdogo, kwenye picha iliyokatwa gazetini na kufunikwa kwa nailoni: mtu aliye hewani, miguu yote miwili imeacha ardhi, mpira uko mbele ya paji la uso wake.

Kalenga alicheza kabumbu kwa mshahara. Timu ya Lubumbashi ilimchukua akiwa bado mwanafunzi, ikamuuza Zambia, na Zambia ikamuuza nchi moja ya Waarabu huko kaskazini. Siku ambazo redio ilitangaza mechi yake, Baba aliiweka dirishani na majirani wakajaa uani. Mtangazaji alilitaja jina lake kwa sauti iliyopanda mpaka ikakatika, na watu wakarukiana mabegani. Kwa muda mrefu nilidhani kalenga ni neno la kushangilia tu, na nilipookota embe zuri nililisema.

Nkambo hakutoka kusikiliza. Alibaki jikoni na mihogo yake.

"Balininyanganya mutoto," alisema, "sasa banakuya kuniletea sauti."

Kisha siku moja Kalenga akarudi, bila habari. Baba alimkuta stesheni miongoni mwa abiria wa treni ya Lubumbashi, amekaa juu ya sanduku lake. Tuliyekuwa tunamngoja miaka yote ni yule wa hewani. Aliyeingia mlangoni alikuwa mtu mnene wa shingo, shati la kawaida, anayechechemea. Sanduku lilikuwa zito hivi kwamba yeye na Baba walilibeba pamoja, huku na huku, na mimi na Banza tulilifuata tukijua ni zawadi. Likaingizwa chumba cha nyuma. Halikufunguliwa mbele yetu. Siku iliyofuata alinunua kufuli akaitia kwenye mlango wa chumba hicho, na tangu hapo, asubuhi na jioni, harufu ya kafuri ikawa inatoka chini ya mlango.

Mezani Nkambo alimtazama zaidi kuliko alivyokula. Alimsemesha Kiluba, yeye akajibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, na Kiluba kilipotafutwa kikamkwama. Nkambo alimuuliza jina la mbwa waliyekuwa naye zamani. Kalenga alifikiri, akatabasamu, akasema amesahau. Alipowekewa bukari, ugali wetu wa kula kwa mkono, aliomba uma.

Mama alipokuwa anaosha sahani, Nkambo alimfuata jikoni. Nilikuwa pale naota moto.

"Ule haiko mutoto yangu," alisema.

"Mama, ni yeye. Muangalie hata mapua."

"Mapua ni ya Kalenga. Mwenye iko ndani, simujue."

Mama aliendelea kusugua sahani ileile ambayo ilikuwa imekwisha kuwa safi.

Hakuna aliyetuambia kwa nini ameacha kucheza. Alipoulizwa alisema anapumzika kwanza. Basi kampi ikajijibia yenyewe. Kwenye bomba la maji niliwasikia akina mama wakieleza kwamba wachezaji wakubwa wote wamepitia kwa mganga, mganga ndiye huwapa miguu, na miguu ikiisha mganga huja kuomba mtu wa familia. Nilirudi na ndoo yangu nikiwapitia watu wa nyumba yetu mmoja mmoja kichwani. Kila nilipoanza upya nilimalizia kwa Banza, kwa sababu yeye ndiye mdogo, ndiye rahisi kubeba.

Kila asubuhi Kalenga alitoka na shati lililopigwa pasi na mfuko begani, akarudi jua likiwa limelegea.

"Unaendaka wapi?" Baba alimuuliza siku moja.

"Ku kazi."

"Kazi gani?"

"Yaya, uniache kwanza. Ntakuambia." Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike, na hata shemeji.

Baba alihisi kwamba ndugu yake amekimbia kesi huko alikotoka. Mama alihisi ana mke na watoto aliowaacha, na anatafuta mwingine hapa mjini. Nkambo alikwisha kusema lake. Mimi nilikuwa na masikio yangu, kwa kuwa mkeka wangu ulikuwa kando ya ukuta wa chumba cha nyuma. Kabla jogoo hawajanyamaza nilimsikia anaita: Skafoide. Semilunere. Piramidale. Pisiforme. Aliita polepole, kisha haraka, na akikosa jina moja alisonya kwa hasira akaanza tena mwanzo. Kifaransa changu kilikuwa cha nyimbo za darasani tu. Nilielewa kwamba haya ni majina ya watu, kwamba anawaita, na kwamba hawajafika bado.

Kilichonitia hofu zaidi ni mkono wa Banza. Jioni Kalenga alimpakata, akamshika kiganja, akawa anabonyeza kifundo cha mkono kidogo kidogo na kuyataja majina yaleyale chini kwa chini. Banza alicheka kwa mtekenyo. Nilimwita njoo uone kitu, nikamvuta mpaka nyuma ya choo, nikampangusa mkono kwa mchanga.

Mwaka mpya wa pili tangu arudi, Baba alichinja mbuzi. Kalenga aliomba apewe goti la mguu wa nyuma, bichi.

"Ya kufanya nini?" Mama aliuliza.

"Ya kuangalia tu, yaya."

Mama alimpa, akamtazama mpaka mlango ulipofungwa. Mimi nilizunguka nyuma. Pazia la dirisha lile lilikuwa fupi, na ukisimama juu ya tofali ungeweza kuona chini yake. Alikuwa amekaa kitandani, mguu mmoja wa suruali umekunjwa hadi pajani. Hapo ndipo nilipoliona goti lake kwa mara ya kwanza: kovu refu kutoka juu hadi chini, na nyama ya paja ya upande huo imekonda, si kama ya upande wa pili. Goti la mbuzi lilikuwa juu ya gazeti. Alilifungua kwa wembe, taratibu, akatoa mafuta, akafika mahali penye kitu cheupe kama kamba, akakivuta kwa kidole. Akakunja goti la mbuzi, akalinyoosha. Akakunja la kwake, akalinyoosha. Kisha akakata ile kamba, na goti la mbuzi likalegea, likawa linakwenda mbele na nyuma bila mpango. Aliendelea kulitazama likicheza vile. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na kwa kuwa mikono ilikuwa michafu alijifuta kwa bega.

Nilimkimbilia Nkambo nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Alinifunika mdomo kwa kiganja chake, akaniambia niende kuchota maji. Tangu siku hiyo alimlaza Banza upande wa ukuta, yeye mwenyewe akalala upande wa mlango. Hakula tena kitu kilichopita mkononi mwa Kalenga. Na ile picha ya gazeti aliitoa ukutani akaitia ndani ya foronya yake. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hataki aliyerudi aendelee kumwangalia mtoto wake.

Baba ilibidi aulize sasa, kwa maana mama yake hakumpa nafasi. Tulikaa sebuleni wote. Kalenga aliegemea mlango, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada.

"Nasoma," alisema hatimaye.

"Unasoma nini?"

"Bunganga."

Ninaomba msomaji anayejua Kiswahili cha kwetu asikilize neno hilo kama tulivyolisikia. Kwetu munganga ni daktari mwenye koti jeupe, na munganga ni yule mwenye pembe na vibuyu pia. Nkambo aliinua mikono akaipiga mapajani, taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolijua.

"Bunganga ya lopitali," Kalenga alisema haraka. "Ku univerzité yetu hapa, Mama. Niko mwaka ya pili."

"Banasemaka vile bote," Nkambo alisema.

Baba alicheka, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini na uso wake. "Na miaka yako hii? Unakaa na batoto ba juzi ku benchi moja?"

"Ninakaa nabo."

"Na haukusema?"

"Kama ningesema, na kisha nianguke mutihani, mungelia juu yangu mara ya pili. Ya kwanza ilitosha."

Baba alitaka kumwamini, nilimwona. Lakini hakuwahi kusikia mchezaji wa mpira aliyegeuka daktari, na mimi pia sikuwahi. Usoni alikubali. Ila aliposafiri kwenda Bukama, ambako injini ilikuwa imeharibika, alimwambia Mama kwa sauti ya chini: "Mufungaka mulango wenu."

Ilikuwa wakati wa mvua. Banza alishikwa na homa, ikaenda, ikarudi. Mama alimpa vidonge vya sokoni. Ikaenda, ikarudi tena. Akaacha kukimbia, akawa anakaa barazani kwenye mkeka na kutazama wenzake. Tulisema ni uchovu wa homa.

Mchana mmoja Kalenga alirudi mapema. Alimpita Banza, akasimama, akarudi. Aliinama kwa shida ya lile goti, akamvuta kope ya chini ya jicho, akatazama ndani. Akafungua kiganja cha Banza akakiweka kando ya kiganja chake mwenyewe. Niliona uso wake ukibadilika.

"Yaya," alimwita Mama, "huyu mutoto aende ku lopitali sasa hivi. Damu inamuishia."

Nkambo alitoka jikoni na kisu cha mihogo bado mkononi. Alijiweka kati ya Kalenga na mkeka.

"Amejua namna gani kama damu inaisha?" alimuuliza Mama, hakumwangalia mwanawe hata kidogo. "Nani alipima? Mwenye anajua damu imeisha njo mwenye alikunywa."

Mama alisimama pale, mikono ina unga. Alimtazama mkwewe, akamtazama shemeji yake, akamtazama Banza, ambaye alikuwa anatutazama sote bila hamu. Kisha alijifuta mikono kwenye kitenge, akamfunga mtoto mgongoni, akaniambia nibebe chupa ya maji.

"Unamusikiliza huyu?" Nkambo alisema.

"Simusikilize. Naenda ku lopitali munganga wa kweli aniambie huyu alifanya mutoto yangu nini." Akamgeukia Kalenga. "Na weye usikaribie."

Basi ni shuku ndiyo iliyotutoa nyumbani siku ile. Tulivuka reli, Mama mbele akikaribia kukimbia, Nkambo nyuma yake akihema, mimi na chupa yangu. Nilipogeuka nilimwona Kalenga anatufuata kwa mbali, anachechemea, anasimama kila tuliposimama.

Daktari wa hospitali alikuwa mfupi, mwenye miwani na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimlaza Banza kitandani. Akamvuta kope ya chini ya jicho, akatazama ndani. Akafungua kiganja cha mtoto akakiweka kando ya kiganja chake mwenyewe. Nilimshika Mama kitenge. Yeye pia alikuwa ameona.

Walimtoboa kidole, wakapima. Daktari alituambia kwamba malaria imekula damu ya mtoto, na kwamba anahitaji kuongezewa leo, si kesho. Akiba ya hospitali ilikuwa imekwisha. Lazima mtu wa familia atoe. Mama alinyoosha mkono wake. Damu yake haikupatana na ya Banza. Nkambo aliambiwa ni mzee mno. Baba alikuwa Bukama.

"Munipime miye," sauti ilisema mlangoni.

Daktari aliinua kichwa. "Ah, Kalenga. Mutoto huyu ni wenu?" Alimwambia kwa namna mwalimu anavyomwambia mwanafunzi anayemfahamu, bila mshangao, akampa ishara akae.

Walimpima. Ikapatana.

Nkambo alikuwa ameketi kwenye benchi. Aliinuka. "Damu yake haiingie mu mwili ya huyu mutoto."

"Mama, kuko ingine?" daktari aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Nkambo aliketi tena, kwa sababu hapakuwa na nyingine.

Mama ndiye aliyesogea. Tangu Kalenga arudi sikuwahi kumwona akimtazama usoni moja kwa moja, lakini sasa alimtazama hivyo, karibu kabisa, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kalenga. Weye ni nani?"

"Sijue tena vizuri, yaya. Lakini damu iko yangu, na haina ugonjwa. Wamepima."

Banza alikuwa anahema juu juu. Mama alimgeukia muuguzi. "Batie ile damu," alisema.

Nilijibanza pembeni ya kabati nikijaribu kuelewa. Yote niliyoyasikia kwenye bomba la maji yalihusu wachawi wanaokunywa damu, wanaoifuata usiku, wanaoitamani. Sikuwa nimesikia hata mara moja juu ya mchawi anayetoa ya kwake. Nilitafuta kichwani mahali pa kuliweka jambo hilo nikakosa.

Muuguzi alimfunga Kalenga mpira juu ya kiwiko, akachukua sindano. Mtu huyu aliyechezea viwanja vilivyojaa watu, aliyepasuliwa goti katika nchi ya mbali, alifumba macho, akainamisha kichwa, akashika kola ya shati lake kwa meno akaiuma.

Nkambo alitoa sauti ndogo. Alikwenda mpaka kitandani kwake akasimama.

"Acha shati, Kalenga," alisema. "Utaipasula tena."

Alisema hivyo kwa Kiluba. Baadaye alitueleza kwamba wakati wa chanjo shuleni Kalenga alizitoboa kola zote kwa meno yake, na yeye alikuwa akizishona huku akimgombeza. Hakuna mganga, alisema, angeweza kumfundisha mtu hilo, maana hakuna aliyelijua ila wao wawili. Kalenga aliachia kola, hakufumbua macho, akamjibu kwa Kiluba, neno moja tu, lile mtoto analomwitia mama yake. Nkambo alikaa ukingoni mwa kitanda. Alimshikia ule mkono mwingine mpaka mfuko ukajaa.

Asubuhi Banza aliomba bukari, akanung'unika kwamba samaki ni mdogo.

Yale majina niliyoyasikia ukutani niliyakuta mwenyewe nilipofika sekondari: mifupa ya kifundo cha mkono, kwenye mchoro, kwa mpangilio uleule. Sanduku lile zito lilikuwa la vitabu, na kafuri alijichulia goti. Na kuhusu goti lenyewe, Kalenga alinieleza siku moja tukiwa tumekaa barazani. Alipoumia, alisema, madaktari wa timu na wakubwa wa timu walisimama juu ya kitanda chake wakazungumza kuhusu goti lake kwa muda mrefu, kwa maneno asiyoyajua, na hakuna aliyemwambia yeye chochote. Kisha wakatoka. "Nilitaka kujua walikuwa banasema nini," alisema. "Njo ile tu." Kazi yote aliyoifanya baadaye ilianzia kwenye hicho kitanda.

Haikuwa rahisi kama inavyosikika. Alianguka mtihani, akarudia mwaka, na watu wa kampi walisema wanajua ni kwa nini. Lile bomba la maji halikuacha kusema kamwe. Alipomaliza walimpeleka upande wa Malemba-Nkulu, na miaka ambayo watu wenye silaha waliwatoa watu vijijini, yeye alikimbia nao porini na kurudi nao, akiwatibia walipolala. Nkambo alikufa akimwita kila alipoumwa, akimpa kila dawa aichunguze kwanza, hata aliyoiandika daktari mkubwa kuliko yeye. Wengine wote aliwashuku mpaka mwisho.

Nilipokuwa tayari na watoto wangu, nilimuuliza Mama ni lini hasa alijua kwamba Kalenga alikuwa anasema kweli. Nilitegemea atasema ni pale daktari alipomwita kwa jina, au pale kwenye kola.

"Siku ile sikujua," Mama alisema. "Niliposema batie, nilikuwa namuogopa kama zamani. Nilikaa pale naangalia damu yake inashuka tone kwa tone mu mukono ya Banza. Nilikuwa nangojea kuona kama mutoto atageuka kitu kingine."

"Ulimwambia?"

"Nilimuambia, siku aliyopata diplome. Nilisema, shemeji, unisamehe, siku ile nilikuwa nangojea mutoto yangu ageuke."

"Na yeye akasema nini?"

Mama alitabasamu kidogo.

"Alisema: hata miye, yaya, nilikuwa naangalia."